MFALME ALIYEOTA MENO YA JUU KWANZA

Sehemu ya 1



Nilipoandika kuhusu meno ya watoto, ujumbe ulionijia kwa wingi ulikuwa wa aina moja: "Nesi, mwanangu ameanza kuota ya juu. Mama mkwe hasemi kitu, ananiangalia tu. Nifanyeje?"

Jibu la kinesi ni fupi. Watoto wengi huanza na meno mawili ya mbele ya chini, karibu na miezi sita. Wapo wanaoanza na miezi minne, wapo wanaokaribia mwaka mzima wana fizi tupu, na wapo wanaoanza na ya juu. Huo si ugonjwa. Hakuna cha kukata, hakuna cha kung'oa, na tafadhali sana asiwepo wa kumpeleka mtoto kwa mtu wa kutoa "meno ya plastiki" kwa spoku ya baiskeli. Hao tunawapokea wodini wakiwa na damu imewaishia na vidonda vimeoza.

Lakini mama mkwe hanyamazi bure. Ana sababu yake, na sababu hiyo ina historia ndefu. Mtoto aliyetanguliza meno ya juu wazee walimwita kigego. Katika jamii nyingi za pande hizi iliaminika kwamba akiachwa akue atamaliza ukoo, ndugu watakufa mmoja mmoja. Vigego wengi hawakuachwa wakue.

Sasa kaa vizuri. Mtu aliyeanzisha ufalme wa Usambara, babu wa masimba wote wa Vuga, ambaye jina lake kila Msambaa analijua, Mbegha, alikuwa kigego.

Kwa hiyo mfululizo huu utatoka kidogo kwenye uji na chanjo. Nataka niwasimulie habari za wafalme wa milima yetu, na jinsi Ukristo ulivyopanda huku, kwa sababu naona ndani yake kuna swali ambalo kila mzazi analo: mkubwa ni nani hasa, na anatufanyia nini mpaka tumwite mkubwa? Nitapita na Ulaya ya zamani pia. Mtashangaa wanavyofanana na sisi.

Sehemu ya 2

Habari za Mbegha zimeandikwa kwa Kiswahili tangu zamani, na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi. Mwandishi alikuwa Mwislamu, aliwahi kuwa karibu na zumbe Semboja wa Mazinde, na waliokichapa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 ni wamishonari wa Kianglikana wa Magila. Mnaona pwani yetu ilivyokuwa? Mwislamu anaandika habari za wafalme wenye dini ya jadi, padri anachapa.

Inasimuliwa kwamba Mbegha alizaliwa milima ya Nguu. Meno ya juu yakatangulia. Wazazi wake wakakataa kumwua. Mimi hapa huwa nasimama, maana kwenye hadithi nzima ya mashujaa, mikuki na simba, hawa wazazi wawili hawapati sifa yoyote, wakati bila wao hakuna hadithi. Mama mmoja na baba mmoja walisema mtoto huyu atanyonya, wakanyamaza, maisha yakaendelea.

Walipokufa, ndugu wakamgeukia. Kigego harithi. Wakamnyima fungu lake, wakamlaumu kwa kila kifo kilichotokea katika ukoo. Naye akaishi porini na mbwa wake, akawa mwindaji hodari wa nguruwe. Akafika nchi ya Kilindi, akafanya urafiki na kijana wa mkuu wa pale. Kijana akaomba kufuatana naye kuwinda, nguruwe akamwua. Sasa fikiria, mtu ambaye tangu utotoni anaambiwa analeta vifo, na mtoto wa mkuu anafia mikononi mwake. Akakimbia usiku yeye na wenzake. Jina la Wakilindi alilibeba kutoka huko.

Akapanda milima ya Usambara kupitia upande wa Zirai, akafika Bumbuli. Wakati huo Wasambaa hawakuwa na mfalme mmoja, kila bonde lilikuwa na wazee wake. Nguruwe walikuwa wakimaliza migomba na mazao. Mbegha akawaua, nyama akagawa. Watu nao wakamletea chakula cha shamba. Mtu wa nyama na watu wa unga, wakala pamoja. Akaoa kwao. Akaamua kesi zao vizuri, kwa sababu hakuwa na ukoo pale wa kuupendelea.

Sifa zikafika Vuga. Wazee wa Vuga wakamfuata wakamwomba aende akawe mkuu wao. Njiani kuelekea Vuga akaua simba, na ngozi ile ikawa kama cheti cha ufalme. Tangu hapo mfalme wa Vuga aliitwa Simba Mwene.

Wanahistoria hawakubali kila neno la hadithi hii. Steven Feierman, Mmarekani aliyekaa na wazee wa Usambara miaka ya 1960 na kuandika kitabu juu ya ufalme huu mwaka 1974, anaonyesha kwamba karne ya 18 wageni wafugaji, Wambugu, walikuwa wameingia milimani, na mabonde yenye wazee wake wadogo wadogo hayakuweza kujilinda kila moja peke yake. Walihitaji mtu wa kuwaunganisha. Hilo naliamini. Lakini watu hawakusimulia vizazi na vizazi habari za mkakati wa ulinzi. Walisimulia habari za mtoto aliyetupwa na ndugu zake akaja kulisha watu wasio ndugu.

Sehemu ya 3

Leo tunavuka bahari mara moja, msinikimbie.

Baada ya dola ya Kirumi kuanguka upande wa magharibi, yaani kuanzia karne ya 5, Ulaya ilibaki na wakuu wengi wadogo wenye askari wao. Hakuna jeshi la serikali, hakuna polisi, hakuna kituo cha afya. Mtu asiye na bwana wa kumkinga alikuwa kama kifaranga nje ya banda. Sasa neno la Kiingereza la bwana, lile "lord" mnalolisikia kanisani na bungeni kwao, asili yake kwa Kiingereza cha kale ni "mlinzi wa mkate". Na "lady", bibi mkubwa, asili yake ni "mkanda unga". Ndio hivyo. Ukubwa wote ule wa majumba na mataji ulianzia jikoni: nani ana chakula, nani anakigawa, nani anakikanda.

Wana utenzi wao mkongwe, unaitwa Beowulf. Dude linaingia usiku katika ukumbi wa mfalme wa Wadenmaki na kula watu wake kwa miaka kumi na miwili. Anakuja mgeni kutoka ng'ambo na wenzake wachache, analiua. Mkimsikiliza mtu aliyezoea habari za Mbegha atauliza, "Halafu wakampa ufalme?" Hapana. Yule alipewa zawadi akarudi kwao, na huko ndiko alikuja kuwa mfalme baadaye. Hapo sisi tuliwazidi, wetu tulimwozesha akabaki.

Na mfalme wao, kama wetu, alibebeshwa hata mvua. Snorri Sturluson wa Iceland, karne ya 13, aliandika masimulizi ya kale ya Waswidi kuhusu mfalme aliyeitwa Domaldi. Njaa iliingia katika enzi yake. Mwaka wa kwanza wakachinja ng'ombe kama tambiko, mwaka wa pili wakachinja watu, na mwaka wa tatu wakuu wakakaa wakaona kasoro ni mfalme mwenyewe. Wakamchinja yeye.

Ukristo ulipoingia kwao, mara nyingi ulipitia mlango wa juu. Mwaka 597 mtawa Augustine, aliyetumwa kutoka Roma, alifika kwa mfalme Ethelbert wa Kent, kusini mwa Uingereza. Ethelbert alikuwa na mke Mkristo tayari, Bertha, aliyetoka kwa Wafaranki na kuja na askofu wake. (Kila mahali dini imeingia nyumbani kwa mlango wa mama, ila vitabu huandika jina la baba.) Mfalme alikubali kuwaona wageni, lakini nje, uwanjani, kwa kuogopa kwamba ndani ya nyumba wangeweza kumshinda kwa uchawi. Baadaye akabatizwa, na maelfu wakamfuata mtoni.

Je, kubatizwa kulifuta ile imani kwamba mwili wa mfalme una dawa? Wala. Kanisa liliwapaka wafalme mafuta matakatifu, na karne zilizofuata wafalme wa Ufaransa na Uingereza wakawa wanapangiwa foleni za wagonjwa wa tezi za shingo, wawaguse wapone. Sisi leo tunajua zile tezi nyingi zilikuwa kifua kikuu cha tezi. Ni ugonjwa unaovimba na kunywea wenyewe kwa vipindi, kwa hiyo mfalme akikugusa leo na uvimbe ukapungua mwezi ujao, sifa ni zake. Uingereza hawakuacha mpaka alipokufa malkia Anne mwaka 1714. Nawaambia ili ukimwona mwenzako ameenda kuombewa uvimbe wa shingo, usimcheke. Mshike mkono, mlete apimwe makohozi na tezi, aanze dozi ya miezi sita. Maombi hayakatazi dozi.

Sehemu ya 4

Turudi kwetu.

Kisambaa kina maneno mawili ambayo mimi nadhani yangefaa kuandikwa ukutani kwenye kila ofisi. Kuzifya shi, kuiponya nchi. Na kubana shi, kuidhuru nchi. Mfalme wa Vuga kazi yake ilikuwa ya kwanza. Mvua ije kwa wakati, migomba isimame, watu wasiuane, wanawake wazae salama. Lakini kila mtu alijua kwamba mwenye dawa ya kuleta mvua anaweza pia kuizuia. Ni dawa ile ile. Hili nesi halimshangazi: dawa tunayokuokolea maisha kwa kipimo, ikizidi kipimo ni sumu.

Kuna neno la tatu, nguvu kwa nguvu. Wakiwepo wakubwa wawili wanaolingana katika nchi moja, kila mmoja na dawa zake, hapo mvua inapotea, njaa inaingia. Akiwepo mmoja aliyewazidi wote, nchi inapona. Ndiyo maana mfalme mpya alipoingia Vuga watu walimwachia kila kitu, nchi yako, watu wako, na papo hapo wakamwambia waziwazi wanachodai: mvua, ndizi, chakula, na kwamba akiwatenda vibaya watamwondoa. Yote mawili usiku mmoja. Siyo kama sasa, unachagua mtu halafu unasubiri miaka mitano ndipo umwambie.

Aliyeifikisha Vuga kileleni ni Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala hadi kufa kwake mwaka 1862. Enzi yake ilishuka mpaka Bondei na kugusa pwani ya Pangani. Aliweka watoto wake kutawala vijiji, na si wa kiume tu. Adhabu ya kifo ilikuwa ya Vuga peke yake, zumbe mdogo hakuruhusiwa. Ukiwa mnyonge hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu kati yako na kamba kulikuwa na safari ya siku kadhaa.

Kwa Kimweri ndiko Ukristo ulikobisha hodi mara ya kwanza. Mwaka 1848 akaja Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kianglikana. Akarudi tena 1852. Miaka minne kabla ya safari ya kwanza, Julai 1844, Krapf alimzika mkewe Rosine pale Mombasa, pamoja na kichanga chao cha kike, siku chache tu baada ya kujifungua. Homa. Wote tunajua ni homa gani. Siwezi kusoma safari za huyu bwana bila kukumbuka kwamba alipanda milima hii akiwa baba aliyefiwa. Na miaka mia moja na kidogo baadaye, hapa hapa Amani ikawekwa taasisi ya utafiti wa malaria. Wewe unayeficha chandarua kabatini ukisema kinakupa joto, naomba ufikirie kaburi la Rosine.

Kimweri alimpokea Krapf vizuri na kuahidi kuwakaribisha walimu. Hakubatizwa. Baadhi ya wanawe walikuwa wameshasilimu, wamejifunza kusoma na kuandika kwa watu wa pwani, na pale Vuga hirizi za Kiislamu zilikaa pamoja na dawa za jadi bila ugomvi. Kwa Kimweri, mzungu mwenye kitabu alikuwa mtu mwingine mwenye nguvu zake. Akae, tuone anaponya nini.

Tunajua hivyo kwa sababu Februari 1857 walifika Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Burton akamkuta mfalme ni mzee sana, amekonda, yuko kitandani. Na ombi lake halikuwa bunduki. Alikuwa amesikia kwamba wageni hawa wanachunguza nyota, mawe na miti, basi wamtengenezee dawa ya kumrudishia afya, nguvu na ujana. Burton aliliandika kwa kejeli. Mimi kila nikilisoma nawaona wazee wetu wodini. Simba Mwene mwenyewe, mwenye mvua ya milima yote, anamshika mgeni mkono anauliza, huna kitu cha kunisaidia?

Hawakuwa nacho. Miaka mitano baadaye akafa.

Sehemu ya 5

Sehemu hii ni ngumu. Kama una mimba changa na usingizi ni wa shida, iache, soma inayofuata.

Mrithi wa Kimweri alikuwa mjukuu wake, Shekulwavu, kijana. Baba mdogo wake, Semboja, alikuwa zumbe wa Mazinde, chini kwenye tambarare, penye njia ya misafara inayotoka pwani kwenda bara. Angalia tofauti hii. Vuga juu, penye mvua, matambiko na makaburi. Mazinde chini, penye wafanyabiashara, nguo na bunduki. Zamani ukubwa ulitoka juu. Sasa ukaanza kutoka chini, kwa aliye karibu na bunduki.

Semboja akaishambulia Vuga, akamfukuza Shekulwavu, akamweka mwanawe mwenyewe kwenye kiti. Wabondei nao wakawafukuza Wakilindi kwao. Ndugu za Shekulwavu wakaendeleza vita kutoka upande wa mashariki, huku kwetu. Nguvu kwa nguvu, kama wazee walivyosema.

Bunduki inalipiwa na nini? Pembe za ndovu ziliisha haraka. Kilichobaki ni watu. Mazumbe ambao babu yao aliletwa ili alishe watu wa kabila jingine, wakawa wanauza watu wao wenyewe. Deni dogo, kesi ya kusingiziwa, njaa ya mwaka mmoja, na binti wa mtu anashushwa Pangani. Waliokuwa rahisi kuuzwa ni wale wasio na wa kuwasemea: yatima, mjane, mtoto aliyewekwa rehani wakati wa njaa, na mtu aliyezaliwa na doa kama kigego. Familia zilihama mabonde yenye rutuba zikajificha vileleni, kwenye baridi, penye mawe.

Ninachowaomba mkione hapa ni hiki. Semboja kwa vipimo vya ushujaa alikuwa shujaa. Jasiri, mjanja, hodari wa vita, alisimama na watawala wa Zanzibar na baadaye Wajerumani kwa akili nyingi. Angeimbiwa utenzi. Na katika enzi yake nchi iliumwa kuliko wakati wowote uliokumbukwa. Ushujaa na uponyaji, ambavyo kwa Mbegha vilikuwa kitu kimoja, nyama ile ile iliyotoka kwenye mkuki ikaingia chunguni, sasa vikawa vimeachana.

Sehemu ya 6

Ndiyo maana Ukristo huku haukupitia mlango wa Ethelbert. Hapakuwa na mfalme mmoja wa kumbatiza ili wengine wamfuate, na wale wakubwa waliokuwepo waliegemea pwani na Uislamu. Ulipitia uani.

Wamishonari wa Kianglikana walipewa ruhusa na Wakilindi kukaa Magila mwishoni mwa miaka ya 1860. Walutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Mlalo mwaka 1891. Waliokuja kwanza kukaa uani kwa misheni walikuwa hasa wale wasio na kwao: watumwa walioachwa huru, wanawake waliokimbia, watoto yatima. Kwa macho ya Kisambaa hilo lilieleweka kabisa. Mkubwa ni yule ambaye mnyonge akikimbilia kwake halipwi bei. Zamani ungekimbilia Vuga. Vuga imeharibika, unakimbilia kwa padri. Msilifanye suala la mahubiri matamu peke yake.

Mwaka 1896 Walutheri hao wakajenga kituo Lutindi, kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikageuzwa kuwa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo ipo hadi leo. Kwa kazi yangu, hapa ndipo ninapovua kofia. Mgonjwa wa akili ndiye kigego wa watu wazima. Kila jamii inatafuta pa kumweka asionekane, na hawa walimjengea nyumba mlimani, wakampa jembe na kitanda.

Ila nisiwauzie picha ya watakatifu tu. Wamishonari walipanda mlima huu wakati mmoja na bendera ya Ujerumani. Huku Usambara ya mashariki kampuni ya Kijerumani ilianzisha shamba la kahawa Derema mwaka 1891, na ardhi haikuombwa kwa adabu. Mwaka 1895 Wajerumani wakamnyonga hadharani Mputa, mtawala wa Vuga. Mjukuu wa ukoo wa simba, kwenye kamba, watu wanatazama. Mwenye mamlaka ya kifo sasa alijulikana ni nani. Mwaka 1902 wakajenga Amani taasisi kubwa ya mimea na kilimo, ndiyo hii bustani ya miti ya kigeni mnayokuja kupigia picha za harusi. Sina hakika waliona kinaya cha jina.

Msambaa wa mwaka 1900 alikuwa na Mjerumani mwenye bunduki, zumbe aliyesimikwa na Mjerumani, mwalimu wa msikitini na mchungaji mwenye kidonge cha kwinini. Wote wanadai utii. Nani kati yao anaiponya nchi? Watu wakafanya lile ambalo nyie mnafanya mpaka sasa: chanjo kliniki, ubatizo au akika nyumbani, na bibi anafunga uzi mweusi mkononi mwa mtoto. Nauona kila siku ninapokunja mkono wa shati kutafuta mahali pa sindano. Sigombi. Nasema tu usibane sana.

Sehemu ya 7, ya mwisho

Waingereza walipochukua nchi baada ya vita vya kwanza walirudisha Wakilindi kitini, chini ya ule mfumo wao wa kutawala kupitia wenyeji. Mfalme wa Vuga akawa na mshahara, makarani na kodi ya kukusanya. Aliyekuwa kitini miaka ya 1940 ni Magogo.

Udongo wa Usambara ulikuwa umeanza kumomonyoka. Mwaka 1946 wakaanza Mlalo mpango wa kuuokoa, kisha ukasambazwa milimani. Kila kaya ilazimishwe kuchimba matuta kufuata mteremko unavyokatiza. Kitaalamu si wazo baya. Lakini nani anachimba? Mwanaume wengi wao walikuwa mashambani kwa vibarua, katani na chai. Jembe likabaki kwa mama, mgongoni mtoto, tumboni mwingine, udongo wa kilima mzito, na asipofikisha kipimo anashtakiwa. Wakati huo huo mvua zikakataa, njaa ikaingia.

Hesabu ya watu ilikuwa ya haraka. Zumbe anasimamia sheria ya mzungu inayotuvunja migongo, na mvua hakuna. Anaibana nchi. Umati ukaenda Vuga kumwambia Magogo atoke, na mwaka 1947 akatoka. Waingereza walidhani ni siasa za wachochezi na ushirikina wa wazee. Ilikuwa ile sharti ya usiku wa kusimikwa, watu waliikumbuka tu. Matuta ya lazima yakaendelea kugombewa, wanawake wakiwa mbele, hadi yakaachwa miaka ya mwisho ya 1950, TANU ikiwa imeshapata wafuasi wengi milimani kwa sababu hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa 1963 serikali ya Tanganyika huru ikafuta utemi nchi nzima. Simba Mwene akawa raia. Zahanati, shule, mbolea na kesi vikaenda kwa serikali, na makanisa yakabaki na hospitali zake, Bumbuli na kwingineko.

Miaka iliyofuata mvua zilipochelewa, wazee kadhaa walisema wazi ni kwa sababu nchi haina tena wa kuiponya. Vijana waliosoma wakawajibu kwamba hata enzi za Kimweri kulikuwa na njaa. Wazee wakasema ndiyo, ilikuwepo, lakini tulijua mlango wa kwenda kugonga.